Sahani za Mgeni

Mimi ndiye ninayepikia vijidudu chakula katika maabara hii, mwaka wa ishirini na mbili sasa, na sijawahi kurudishiwa sahani. Wananiita Mama Uji, kwa kuwa agari, ule ute wa mwani unaoganda sahanini vijidudu vikaoteshwa juu yake, ikiwa jikoni inafanana na uji mwepesi. Waniite wapendavyo. Maprofesa wamekuja wakaondoka, na sufuria zangu ziko palepale.

Binti yangu alisomea humuhumu. Kazi yake ni ukungu-ute, vijidudu vya seli mojamoja vinavyoishi kila kimoja na hamsini zake mpaka njaa iingie. Njaa ikiingia, kimoja hutoa kemikali ya kuwaita wenzake, wanaoisikia nao huitoa, hadi maelfu yao wanajikusanya na kuwa kitu kimoja. Husikia kwa vipokezi vilivyo juu ya ngozi ya seli. Mimi ananiambia ni masikio, asinichoshe. Basi alikuwa amepata aina iliyozaliwa bila kipokezi cha wito huo. Hao uwaite mpaka koo likukauke, hawaji. Miaka mitano alihangaika kulithibitisha hilo, akakonda mpaka nguo zikampwaya.

Mtahini alitoka chuo kingine, mzee mkavu asiyejua kutabasamu. Alisema tasnifu ameisoma, lakini hatatia saini mpaka aone kwa macho yake wazima wamejikusanya katika sahani moja na viziwi wametawanyika katika nyingine. Muda wa binti yangu chuoni ulikuwa unaisha mwezi huohuo. Mzee asipotia saini, miaka mitano imekwenda na maji.

Sasa mimi na kiherehere changu. Sahani za kazi hiyo hazitiwi chakula, ni agari, maji na chumvi, basi, maana vijidudu lazima vione njaa. Nalijua hilo kama jina langu. Lakini anakuja mgeni, mwanangu anatahiniwa, halafu mimi nitoe agari tupu kama uji wa mgonjwa? Mkono ukanicheza. Nikatia kijiko cha unga wa hamira, na sukari kidogo. Nikajiambia kidogo hakiwezi kudhuru, na nikajisifu kimoyomoyo. Binti yangu sikumwambia.

Alfajiri alivimwaga vijidudu vyake katika sahani zangu. Alasiri mtahini akainamia darubini, akatazama ya kwanza, akatazama ya pili, akarudia ya kwanza. Zote mbili zilikuwa sawa, kila kijidudu kivyake. Alisema kwa sauti baridi kwamba tofauti haioni, akaanza kufunga jalada. Profesa wetu akageukia dirisha. Mimi nilikuwa mlangoni na toroli ya vyombo, jasho jembamba linanitoka, kwa sababu nilishajua.

Binti yangu hakubabaika. Aliomba nusu saa. Akachukua sindano nyembamba ya kioo, akaijaza kemikali ya wito, akaisogeza karibu na wazima. Hakuna aliyegeuka. Mtahini akakohoa. Binti yangu akachukua sindano nyingine, akaitia foliki, ileile wanayopewa wajawazito. Bakteria wanaoliwa na ukungu-ute huitoa, na kijidudu kisicho na njaa huifuata ili kipate kula. Baada ya dakika chache wale wazima wakaanza kuijongelea sindano, polepole, kutoka kila upande. Akampisha mtahini aone.

Akamweleza kwamba masikio ya kusikia wenzao huota njaa ikishaingia, na hawa bado wana masikio ya chakula tu. Akaitazama sahani, akanitazama mimi. Niliona jinsi alivyoelewa. Angeweza kusema seli zimezeeka, au joto la kabati la kuoteshea limepanda, na nani angembishia? Nilimwomba Mungu asidanganye kwa ajili yangu, na papo hapo nikamwomba adanganye. Ndivyo nilivyo, sitajisafisha.

"Sahani hizi zina chakula," akasema. "Amezipika mama yangu, yule pale mlangoni. Amekosea."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mtahini alinikagua kutoka kichwani hadi viatuni, akauliza kama ni kweli.

"Kweli tupu," nikasema. "Na mimi sikumwambia mtu. Hao vijidudu ndio waliomwambia."

Mzee akavuta kiti, akaniamuru nipike nyingine mbele yake, tupu. Nilipika huku amenisimamia kama askari. Kesho yake wazima walikuwa wamejikusanya vichunguu vichunguu, na viziwi wamezagaa vilevile, kila mmoja na lake. Akatia saini bila kuketi. Mimi nikaenda stoo nikalia, na sikuwa nalia kwa aibu.

Katika ripoti yake aliandika kwamba jaribio la kwanza liliharibiwa na mpishi wa agari, na kwamba mtahiniwa aliligundua kosa hilo kwa kuziuliza seli zenyewe. Profesa, kwa huruma zake, alitaka kumwomba aifute sentensi hiyo. Nikamwambia akithubutu atajipikia mwenyewe. Nimeitoa nakala, nimeibandika ukutani juu ya jiko langu. Wanaoniuliza kwa nini nimetundika fedheha yangu hadharani, nawaambia wasome sentensi mpaka mwisho.