Kilo Sitini na Moja

Hapana, hakuwa hakimu wala karani. Alikuwa mpima samaki tu, miaka thelathini pale sokoni, mpaka watu wakasahau jina lake wakamwita Mshale, kwa ule mshale wa mizani. Shule alipita mlangoni: namba, na kuandika jina lake, basi. Lakini Mshale akisema kilo nne, ni kilo nne, hata kama samaki ni wa shemeji yake. Hicho ndicho alichokuwa nacho duniani, mizani na neno lake.

Sasa ikaja hiyo Siku ya Usafi wa Pwani. Afisa mmoja wa mazingira alifika na kofia mpya, filimbi shingoni, na bango la plastiki lililoandikwa tuache plastiki. Akasema mtaa wa juu na mtaa wa chini washindane kuokota taka ufukweni. Watakaoleta kilo nyingi wanapata tenki la maji, lile kubwa jeusi, lisimame mtaani kwao. Tenki lenyewe la plastiki, ndiyo. Hakuna aliyecheka, maana maji walikuwa wanayafuata mbali na migongo ilikuwa inauma.

Kiongozi wa mtaa wa chini alikuwa mke wa Mshale. Wa mtaa wa juu, dada yake Mshale. Mawifi hao hawakuwa wamesemeshana tangu harusi ya mwaka juzi, kwa habari ya viti, habari ndefu hiyo, tuiache. Mpimaji nani? Pande zote mbili zikamtaja Mshale, na hapo ndipo alipopatikana.

"Baba Watoto," mkewe alimwambia asubuhi, "mimi sikuombi kitu. Nakukumbusha tu nani anakupikia."

"Nimekumbuka."

"Ukumbuke na mbele ya mizani."

Saa nne magunia yakaanza kufika. Mizani ilining'inia kwenye boriti ya banda la samaki. La kwanza lilikuwa la mkewe, alilijua kwa ule uzi wa buluu aliolishonea. Mshale ukaruka mpaka arobaini. Mtaa wa chini wakapiga vigelegele. Yeye hakuandika. Akaligonga gunia kwa goti. Chupa tupu ukizigonga zinapiga kelele, zile zilinyamaza kama mtoto aliyeiba sukari. Akatoa moja, akafungua kizibo, akaiinamisha. Mchanga ukamwagika miguuni pake.

"Bahati mbaya," mkewe akasema. "Ufukweni kuna mchanga, ulitaka kuwe na nini?"

"Na vizibo vikajikaza vyenyewe, Mama Watoto?"

Mtaa wa juu walicheka mpaka wakashikana mabega, na dada mtu akawapita wote. Mshale akavuta gunia la dada huyo, akaligonga. Pu. Mchanga, tena huu umelowekwa. Kicheko kikakatika kama maji ya bomba.

"Kaka," dada yake akasema polepole, "mimi na wewe tumenyonya ziwa moja."

"Ndiyo. Na wewe ulinyonya zaidi. Mwaga."

Wakamwaga wote. Kilima kikainuka pale bandani, nusu ya pwani imehamishwa kwa chupa. Na mchanga ulipoisha, kilichobaki ni nini? Mabeseni, ndoo, madumu, vikombe. Wengi hawakuwa wameokota ufukweni, walikuwa wamezoa jikoni kwao. Beseni moja lilikuwa bado na povu, mtoto wa watu ametolewa humo katikati ya kuogeshwa. Mshale akarudisha vyombo kwa wenyewe, akapima taka za mitaa yote miwili kwa pamoja. Kilo sitini na moja.

Afisa akaja mbio na karatasi. "Mzee, weka sahihi hapa. Tani moja."

"Iko wapi?"

"Kwenye ripoti. Nimeituma jana, na picha."

"Picha za nini, na siku yenyewe ni leo?"

"Za mwaka jana. Mzee, tuelewane. Isipofika tani, tenki linarudi ofisini. Si mimi, ni utaratibu."

Mawifi wakatazamana, kisha wakamtazama yeye.

"Sahihi tu, Baba Watoto. Mkono haukatiki."

"Kaka, andika."

Kalamu alikuwa ameshaishika. Mgongo wa mkewe aliujua, yeye ndiye aliyekuwa akiukanda kila jioni baada ya kubeba madumu ya maji. Usidhani ilikuwa rahisi. Lakini akiandika tani ambayo mshale haukuisema, kesho atampimia nani? Akairudisha kalamu.

"Naandika mizani inachosema. Lakini geukeni."

Wakageuka. Ufukwe ulikuwa vilevile: chupa, ndara, mifuko, kamba, nyavu zilizooza. Ni kama hakuna aliyekuwa ameugusa.

"Tani yenu ile pale. Hata mbili."

Mkewe akaenda kwenye masufuria ya chakula kilichopikwa kwa ajili ya siku hiyo, kila mtaa na lake, akayafunika na kuweka jiwe juu ya kila mfuniko. "Hakuna kula mpaka mshale wake ufikishe tani. Na yeye atakula wa mwisho."

"Wifi," dada mtu akasema, neno la kwanza tangu ile harusi, "na huyu wa kofia?"

"Huyo atakula ripoti."

Basi wakateremka, mitaa imechanganyika, hakuna tena aliyejua gunia la nani. Afisa alipiga filimbi mpaka njaa ikamshika, akakunja suruali akaingia majini. Jua limeshalala upande, zilikuwa zimebaki kilo kumi na mbili kufika tani. Ndipo afisa akatoka anaburuta rundo la nyavu, kiatu kimoja kimeenda na maji.

Mshale akalikung'uta mchanga.

"Mzee, kidogo hicho si—"

Akakung'uta tena. Akalitundika: kumi na tatu. Akaandika tani moja na kilo moja.

"Hiyo kilo ifute. Ripoti inasema tani tu."

Hakufuta. Akaweka sahihi, herufi moja moja.

Mawifi wakaondoa mawe, huku wanabishana tenki lisimame wapi, wanabishana kwa raha kabisa, vijiko mkononi. Chakula kilikuwa kimepoa na kushika chini. Watu walipopewa wote, afisa naye na kiatu chake kimoja, Mama Watoto akajaza sahani ya mwisho.

"Kaa basi," akasema. "Au mpaka uipime?"

Mshale akakaa chini, na wengine wote wakakaa, wakala.