Fimbo ya Mzee Tierney

"Enyi mataifa, mlio karibu na mlio mbali! Nyamazeni! Leo jua la Guangzhou linamshuhudia mtu ambaye historia ilimzaa, kisha ikaomba likizo ya uzazi!"

Mataifa yenyewe yalikuwa wafanyabiashara wachache wa mtaa wa Sanyuanli hapa China, wanafunzi wa Kenya na Tanzania, na bibi mmoja wa Kichina aliyekuwa akitembeza mbwa. Elinami alikuwa ameazima kipaza sauti kwa muuza soksi wa barabara ya Guangyuan Xilu, na kila alipoachia kitufe, chombo kilianza kutangaza bei ya soksi kwa Kichina.

Alikuwa amekuja likizo kwa shangazi yake Albina, mfanyabiashara wa nguo, akitokea shule ya bweni huko Moshi. Kule alisifika kwa kuficha vitu: viatu vya mwalimu wa zamu, kengele, hata mwiko wa mpishi. Leo alikuwa ameficha fimbo.

Ilikuwa fimbo bapa ya hurling, mchezo wa Ireland wa kupiga kipira kwa fimbo, mali ya Cormac Tierney, Mwairishi mwenye mvi aliyefundisha chuoni na kuwazoeza vijana wa Afrika Mashariki mchezo huo wa kwao. Kesho angerudi Ireland kabisa, na hii ilikuwa mechi yake ya mwisho. Elinami aliichomeka ndani ya robota la jinzi la shangazi lililosubiri gari la kago kando ya uwanja wa chuo. Mzee atafute kidogo, watu wacheke, basi.

Alipokuwa bado anayahutubia mataifa, wapagazi walifika, wakapakia robota, wakaondoka.

"Wee Elinami, umeona fimbo ya mzee?" aliuliza Rotich, nahodha, Mkenya.

"Mimi? Mimi ni mtangazaji tu."

"Ile si fimbo ya kawaida, bro. Kakake marehemu ndiye aliichonga. Mzee aliitumia kuchezea kaunti yake huko Ireland tangu akiwa kijana. Ilipasuka kwa fainali, uwanja umejaa watu mpaka juu, akaifunga utepe wa chuma akaendelea. Wakashinda."

"Wakamlipa gari?"

"Hawalipwi! Hata senti. Jumatatu alikuwa darasani akifundisha watoto hesabu, jicho limevimba."

Elinami akaachia kitufe, akatazama mahali palipokuwa na robota: patupu. Kipaza sauti kikatangaza soksi.

Mzee Tierney hakugomba. "Labda imeenda kunywa chai," alisema kwa Kiswahili alichookota kwa vijana wake, akaazima fimbo ya Rotich na kuingia uwanjani. Lakini kabla ya mpira kurushwa, alitazama tena chini ya benchi.

Kisha akacheza. Jamani! Kipira kigumu cha ngozi kilimjia kama jiwe la manati. Akakidaka kwa kiganja kitupu, akakimbia kikitulia kwenye ncha ya fimbo kama yai kijikoni. Vijana watatu wakamvamia. Akazunguka, akapiga bila kutazama, na kipira kikapaa juu ya minazi ya chuo, kikapita katikati ya mianzi waliyofunga kurefusha goli. Bibi wa Kichina akaachia kamba ya mbwa. Elinami akashusha kipaza sauti. Kama anapiga hivi kwa fimbo ya kuazima, ile yake ingefanya nini?

Simu ya Shangazi Albina, aliyekuwa kati ya watazamaji, ikalia.

"Nini? Mashine ya kubania imegoma?" Akamsikiliza bosi wa ghala la kago. "Laoban, robota la jinzi litakuwaje na mfupa?" Akageuka polepole. "Elinami mwanangu."

"Naam, shangazi."

"Mfupa gani huo?"

Watu wote walimtazama, mzee Tierney naye akiwa na nyasi magotini.

"Ni fimbo ya mzee, niliificha mimi," alisema Elinami, bila kipaza sauti. "Nilitaka aitafute kidogo, tucheke. Rotich aliponiuliza nikadanganya. Pole sana, mzee wangu, nisamehe. Shangazi, mwambie bosi asibane tena, tafadhali, nakuja mbio kuichomoa."