Mlango Uliofunguka Kabla ya Kuvutwa

Jumapili, baada ya misa ya kwanza, mjukuu wangu Jovitha alinikalisha kwenye kiti cha mbao katikati ya sebule yangu, akanifunika kaniki kichwani. Nikamwambia kwamba wenzangu wa jumuiya wakiniona hivi hawatanisalimia tena. Akacheka, akaivuta kaniki mpaka kwenye nyusi.

Alikuwa anatengeneza filamu fupi ya kutisha, kazi ya chuoni. Alichagua Jumapili kwa sababu ndiyo siku Kariakoo inapotulia kidogo. Maduka ya vitenge yaliyo chini yetu yamefungwa, na lile shimo refu linalochimbwa kiwanja cha jirani, la kuweka msingi wa ghorofa jipya, katapila lake limelala. Sauti aliirekodi Manan, kijana wa Kihindi anayeishi juu yangu na bibi yake Madhuben. Huyo Madhuben tangu avunjike nyonga hashuki ngazi, na lifti jengo letu halina.

"Bibi, usifanye kitu," Jovitha akaniambia. "Kaa, utazame mlango. Kamera haisogei, muziki hakuna. Mtu akisubirishwa sana bila kuonyeshwa kitu, anaanza kujitisha mwenyewe."

"Na jini liko wapi?"

"Halipo. Tukilionyesha, watu watacheka."

Walifunga mshipi wa kuvulia samaki kwenye kitasa cha mlango wa kwenda koridoni. Manan angekaa huko koridoni, auvute polepole, mlango ufunguke kama wenyewe. Madirisha waliyaziba kwa mablanketi yangu mawili, feni wakaizima, hata friji, maana ile maiki yao inasikia kila kitu.

Nikakaa. Jasho likanishuka mgongoni. Miaka yote niliyoishi pale, sijawahi kuisikia nyumba yangu bila kelele za wauzaji, na ukimya ule ulinifanya nijisikie nikimeza mate. Kitasa kikalia tik. Mlango ukaondoka kwenye fremu, upana wa vidole, ukasimama. Kisha ukaendelea kwenda, taratibu, mpaka koridoni kukaonekana giza tupu. Nilijua ni mshipi, lakini nywele zilinisimama chini ya kaniki.

"Kata," Jovitha akanong'ona. "Manan, umeua."

"Sijavuta," Manan akajibu kutoka koridoni.

"Acha utani wako."

"Jovi, mshipi huu hapa, umelegea. Sijaugusa."

Akaingia, hedifoni ziko shingoni, uso umempauka. Akasema kuna sauti imeingia, hajui ya nini. Jovitha akazivaa, akasikiliza, akatabasamu. "Hii usiifute. Hii ni dhahabu. Bibi, hebu sikia, nani atalala na hii?"

Akanivalisha. Nikasikia kama mtu anapepeta mchele ndani ya ukuta. Mchanga unashuka, unatulia, unashuka tena. Halafu tak, kama kuni kavu inayovunjwa gotini. Kimya. Tak nyingine.

"Maiki mmeiweka wapi?"

"Nimeiegemeza ukutani pale," Manan akasema. "Upande wa shimo."

Nikavua zile hedifoni, nikasimama.

"Bibi, kaa basi, tunarudia."

"Zima."

"Umeogopa?"

"Nimeogopa. Jini lenu umesema halipo. Hiki kipo. Twendeni tukamtoe Madhuben."

Tulimkuta kitandani anachambua dengu kwenye sinia. Akanisikiliza nikimweleza ukuta unavyolia upande wa shimo, mkono hauachi kuchambua. "Leo Jumapili, Mama Benedict, mafundi hawapo. Na ngazi zile siziwezi, nitafia njiani."

"Basi tutafia njiani wote. Kaa kwenye kiti."

Tukamkalisha kwenye kiti cha plastiki, Manan akashika nyuma, Jovitha mbele, mimi natangulia na tochi ya simu. Kila kona niliyopinda nilikuwa naitazama ile inayofuata, nangoja, na hakikutokea kitu. Chokaa tu, laini kama unga wa sembe, ilikuwa inamdondokea Madhuben kwenye nywele. Hakuipangusa. Mikono yake ilikuwa imekamata kiti.

Barazani alikuwa amekaa Ridhiwani, mlinzi wa maduka, na kikombe chake cha kahawa. "Bibi, filamu imefika barabarani? Huyo mliyembeba ndiye malkia?"

"Ndani kuna mtu mwingine?"

"Vyumba vingine vyote stoo, nani aje Jumapili?"

"Basi ondoka hapo."

Akacheka, ila alipoziona nywele za Madhuben alinyanyuka na kikombe chake, akavuka nasi hadi ng'ambo ya barabara.

Tukasimama kulitazama jengo. Limesimama vilevile, rangi yake ya kijani, kitenge changu kinaning'inia kwenye kamba ya ghorofa ya pili. Wapita njia wakaanza kutuangalia, mimi na kaniki yangu, mama wa Kihindi kwenye kiti katikati ya njia.

"Halijaanguka," Ridhiwani akasema.

Manan akapangusa jasho. "Ba hajachukua dawa ya presha." Bibi yake ndivyo anavyomwita, Ba. "Napanda, narudi sasa hivi."

Nikamkamata shati kwa nyuma.

"Bibi, sasa hivi tu."

"Mwachie, Bibi," Jovitha akasema kwa sauti ndogo. "Watu wanatucheka."

Nikaongeza mkono wa pili. Kifungo kikatoka. Kijana alikuwa ananivuta, ana nguvu, na mimi macho yangu yako kwenye mlango wa ngazi. Ulikuwa wazi na mweusi, hakuna kilichosogea. Niliomba kitokee chochote, paka atoke, nipate kucheka na wenzangu na kumwachia.

Vumbi ndilo lililotoka kwanza. Lilitoka mlangoni polepole, kama mtu anayechungulia kabla hajatoka, na halikuwa na sauti. Sauti ilikuja nyuma yake, ngazi zote zikianguka kwa pamoja, jengo likafuata, na kitenge changu kikapotea.

Manan aliacha kuvuta. Madhuben akanyoosha mkono pale kitini, akalikamata shati upande wa pili.