Marehemu Yuko Likizo

Jana niliota, na sikuota kitandani kama watu wenye adabu zao. Niliota saa tano asubuhi, mbele ya watu kumi na mmoja waliovaa soksi, katikati ya ukumbi wa mazoezi ya yoga hapa Morogoro, nikiwa nimelala chali na mdomo wazi.

Nieleze kwanza nilifikaje pale. Mimi ni Leokadia, makamu mkuu wa shule ya sekondari. Kwa miaka tisa nimepanga ratiba, nimeziba nafasi za walimu wasiofika, nimejibu ujumbe wa wazazi nikiwa bafuni na sabuni machoni. Mwezi uliopita mlinzi alinikuta stoo nimekaa juu ya maboksi ya chaki, nimekumbatia stepla, nalia kwa sababu imeishiwa pini. Daktari alinipima kila kinachopimika, akasema sina ugonjwa, nimechoka tu, lakini nimechoka vibaya. Akaandika wiki sita za mapumziko, na chini yake akaongeza neno yoga. Mama yangu aliuliza kama Padri ana habari. Mume wangu, Damas, aliniomba tu niende.

Nikaenda, kwa namna yangu. Nilichora ratiba ya kupumzika yenye safu nne na rangi tatu. Mwalimu wetu, Bi Khairati, muuguzi mstaafu mwenye sauti ya mtu anayemimina maji polepole, alitufundisha kuyatazama mawazo yakija na kuyaacha yapite. Mimi niliyapa namba. Siku ya pili nilikuwa nimefikisha mawazo mia moja na arobaini, nikamuuliza kama hicho ni kiwango kizuri kwa mtu anayeanza. Alisema tuvute pumzi.

Jana basi tulifika mwisho wa mazoezi, pale ambapo watu hulala chali bila kufanya lolote. Bi Khairati huutaja mkao huo kwa jina lake bila kupindisha: mkao wa maiti. Alitwambia tulale kama watu waliokwisha kuondoka, tusishike kazi yoyote mpaka tusikie kengele. Nikafumba macho.

"Wewe ni marehemu wa ngapi?" mkeka nilioulalia uliniuliza.

Nikauambia sijui. Mkeka ulikuwa na sauti ya karani wa masjala anayesubiri kustaafu. Ulisema tangu asubuhi umelaliwa na maiti wanne na wote walikuwa na nidhamu. Kisha ukanisomea kanuni. Maiti hafanyi kazi. Akishika kazi mara ya kwanza anaonywa, mara ya pili anaandikwa kwa kalamu nyekundu, mara ya tatu anahesabiwa kuwa ni mzima na anarudishwa kazini siku hiyo hiyo.

"Nani anahesabu?" niliuliza.

"Mimi," ulisema. "Na hilo swali nimelisamehe."

Natazama juu. Dari ya ukumbi imekuwa turubai. Nimo ndani ya jeneza, uani kwetu, na watu wamejaa. Siogopi. Kinachonisumbua ni turubai lenyewe, ambalo wamelifunga likakinga ukuta wa jirani, huku waombolezaji wakiungua na jua. Viti navyo vimepangwa safu tano nzuri, vyote vinatazama choo.

Najizuia. Najikumbusha kwamba mimi ni maiti. Najizuia tena, kisha nakaa kitako ndani ya jeneza na kuwaelekeza wanakamati waanze kugeuza safu ya mbele, halafu walisogeze turubai hatua sita. Wanakamati wanafanya kama walivyoambiwa. Mmoja ananishukuru, anasema angalau marehemu anajitambua.

"Moja," mkeka unasema chini yangu.

Mwenyekiti wa kamati ya mazishi ni simu yangu. Imevaa suti nyeusi, imesimama juu ya meza ya chakula, na kila ikitaka kusema inatetemeka na kuzunguka kidogo, hadi inabidi mtu aishike isidondoke. Inatangaza kwamba sasa utasomwa wasifu wa marehemu, na inausoma yenyewe, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa naye karibu zaidi.

Wasifu ni mfupi. Marehemu alizaliwa, akasoma, akaajiriwa. Hakuchelewa kikao hata kimoja. Akiletewa ujumbe alfajiri alikuwa akiujibu kabla ya kuvaa kandambili. Ameacha mume, mtoto mmoja wa kike na ripoti tatu za muhula. Hapo kwenye ripoti watu wanaangua kilio.

"Ripoti ni mbili," nasema kutoka jenezani. "Ya kidato cha pili nilishaituma."

Simu inasahihisha. Mkeka nao unaandika, na nasikia kalamu ikikwaruza mgongoni mwangu.

Safu ya nyuma kabisa namwona mwanamke mwembamba amepakata mkoba. Hajapewa hata maji ya kunywa. Uso wake naujua lakini jina silipati, kama mtu mliyesoma naye zamani. Mkeka unaniambia kwamba huyo ni Pumzi yangu. Kila siku Bi Khairati hutwambia turudi kwenye pumzi, nami nilidhani ni namna tu ya kusema. Kumbe ni mtu, na anakaa nyuma.

Pumzi anakuja mpaka jenezani. Halalamiki. Anaeleza tu, kama mtu anayeeleza njia ya kwenda kwao, kwamba huja kwangu mchana na usiku, nami humfungulia mlango robo, humpokea barazani na kumsindikiza kabla hajakaa. Namuuliza mara ya mwisho aliingia ndani lini.

"Ulipojifungua Sabina," anasema. "Nilikaa dakika mbili. Halafu ukamuomba nesi kalamu."

Nakumbuka. Ilikuwa kalamu ya bluu.

Kabla sijamuomba radhi, ua umekuwa ofisi ya Mkuu wa shule, na hakuna hata mmoja anayeona ajabu. Kaburi limechimbwa kati ya meza yake na kabati la mafaili. Vigae vilivyobanduliwa vimepangwa pembeni kwa ukubwa wake, jambo ambalo, nakiri, linanipendeza. Watu wanapita kutoa heshima za mwisho.

Damas anapita.  Ananinyooshea ukosi wa gauni, kisha anasema, "Mama Sabina, chai ipo mezani," vilevile anavyosema kila jioni, miaka yote hii, kwa mtu ambaye yuko chumba cha pili anasahihisha madaftari. Anaondoka taratibu. Nataka kumwambia nakuja, na nagundua kwamba hilo ndilo nililokuwa nikimjibu kila siku.

Baada yake anakuja Mkuu mwenyewe, Mwalimu Haule. Analia vizuri, kwa leso safi. Anainama mpaka nasikia harufu ya pipi yake ya mnanaa.

"Mwalimu, najua hapa si mahali pake," ananong'ona. "Lakini mtihani wa majaribio unaanza Jumatatu, na hakuna anayejua kuwapanga wasimamizi kama wewe. Njoo siku mbili tu. Ukimaliza tutakuzika vizuri."

Ukitoa hilo la kuzikwa, maneno hayo hayo aliniambia kwa simu juzi, wakati likizo yangu ina wiki tatu mbele. Nilimjibu nitaona. Kwangu mimi neno nitaona maana yake ni kwamba gauni nimeshalipiga pasi. Damas alikuwa jikoni akasikia. Alizima redio akatoka nje, na tangu hapo tunaongea habari za chumvi na funguo tu.

Sasa mdomo wangu unafunguka wenyewe. Nasikia mkeka ukitayarisha kalamu. Pumzi amesimama mlangoni na mkoba wake, hajui kama akae au aondoke.

Hapo binti yangu Sabina anapenya chini ya kiwiko cha Mkuu. Ana miaka kumi na mmoja, amevaa sare, soksi moja imeshuka.

"Mama," anasema, "nilitaka kukuonyesha kitu ukasema subiri kidogo. Nilikuwa darasa la tatu."

Sasa yuko la sita. Nauuliza mkeka kama na hii ni kazi. Mkeka unapekua kanuni zake kwa muda mrefu, unalowesha kidole kufunua kurasa ingawa hauna vidole.

"Haimo," unasema.

"Nionyeshe," namwambia Sabina.

Anafungua kiganja. Ni jino la utotoni, dogo, jeupe. Amelitunza kwenye kiberiti miaka mitatu akisubiri nipate nafasi. Anaanza kunisimulia lilivyong'oka: alikuwa akila pera bichi nyumbani kwa rafiki yake Editruda, na hapo inabidi anieleze kwanza Editruda ni nani, na mbwa wa kina Editruda, na kwa nini mbwa huyo haruhusiwi sebuleni. Damu ilitoka kidogo, na yeye hakulia. Hadithi ni ndefu na haina mpangilio wowote. Namsikiliza. Naona kwamba sisubiri aimalize.

Katikati ya habari za mbwa nasikia mtu akipita kifuani mwangu, akishuka ngazi pole pole mpaka tumboni. Pumzi ameingia ndani. Anavuta kiti, anaweka mkoba chini, anavua viatu.

Mkuu anakohoa. "Mwalimu, ile ya Jumatatu."

Simjibu. Ningependa kusema ni ujasiri, lakini ukweli ni kwamba nina mgeni.

"Marehemu yuko likizo," Pumzi anamwambia kutoka ndani yangu, kwa sauti yangu.

Mkeka unafunga daftari. Wananishusha. Ni kazi nzuri, kamba zinakwenda sawa pande zote, na sisemi neno hata upande mmoja unapochelewa kidogo. Udongo wa kwanza unanidondokea kichwani, wa baridi. Kisha kengele inalia.

Ilikuwa ya baiskeli ya muuza mikate, chini barabarani. Ukumbi ulikuwa mtupu, mikeka yote imekunjwa isipokuwa wangu. Bi Khairati alikuwa ameketi dirishani anakunywa chai. Alinieleza kwamba kengele ya darasa ililia saa nzima iliyopita, kwamba nilikoroma mpaka bwana mmoja akahamia kona ya pili, na kwamba wote walikubaliana nisiamshwe. Nilimuuliza kama zoezi nililifanya sawasawa. Alinitazama sana, akasema leo ndiyo mara ya kwanza.

Nilitoka hadi kwenye ngazi nikampigia Mkuu.  Nilimwambia nitarudi likizo itakapokwisha, si kabla. Aliguna. Nilikaribia kumpa mapendekezo mawili na orodha ya wasimamizi, ikabidi niume mdomo. Hatimaye akasema basi, Mwalimu Sekela atajaribu. Iliniuma kwamba Sekela atajaribu. Iliniuma zaidi nilipofikiri kwamba huenda akaweza.

Kisha nikampigia Damas, nikamwambia nimekataa.  Aliniuliza kama chai ya jioni aweke tangawizi. Nikasema aweke, na kwamba nitainywa ikiwa ya moto.

Nilirudi ndani kukunja mkeka. Sabina hutoka shule saa tisa, nami nilitaka niwe pale getini mapema, bila daftari mkononi. Nilipouinua mkeka, kitu kilimwagika sakafuni. Ulikuwa udongo, mwekundu, bado una unyevu, kama konzi moja hivi, na kijimzizi ndani yake. Nikashika nywele. Udongo mwingine ulikuwa huko.

Ukumbi wetu uko ghorofa ya pili, sakafu ni ya vigae. Nilimgeukia Bi Khairati. Yeye aliweka kikombe chini, akaenda nyuma ya mlango kuchukua ufagio.

"Usijali, mwanangu," alisema. "Yule bwana wa Jumanne, tulipofanya mkao wa mti, nilifagia majani mpaka saa saba."