Baridi ya Gari la Gathogo

Faki hakuwa hata amefungua kufuli ya sanduku lake la vifaa wakati gari jeupe la Bwana Gathogo lilipoingia uwanjani, boneti inafuka mvuke. Mwanarusi, mkewe Faki, alikuwa hapo kando, kwenye kibanda chake cha chakula, anakoroga chai ambayo tangu Jumatatu ilikuwa ikipungua utamu, maana sukari ilikuwa imepanda tena. Aliliona gari, akamwona mwenye gari, akafunika sufuria.

"Baba Ikhlas," aliita kwa sauti ya chini. "Mwenye uwanja wake amekuja."

Alisema hivyo kwa kejeli. Uwanja haukuwa wa Gathogo, wala haukuwa wa mtu yeyote aliyejulikana kwa jina, na hapo ndipo taabu yote ilipoanzia. Ulikuwa kipande cha ardhi kando ya barabara hapa Kimbo, Ruiru, ambapo mafundi wa magari walijibanza miaka mingi, wakasimamisha vibanda vya mabati, mpaka wenye magari wakapazoea. Halafu asubuhi moja ya Februari ya mwaka uliotangulia, 1996, jua likiwa limekausha hata magugu, mafundi walikuta mawe ya mpaka yamepandwa kila pembe kama viazi. Kuna mtu alikuwa ameuziwa. Hakuna aliyejua ni nani, ila Gathogo alikuwa mkubwa katika ofisi ya viwanja na alikuwa ameahidi kuwatetea.

Kwa hiyo walimtunza. Krismasi iliyopita Kang'ethe, fundi wa kunyoosha bodi na kupaka rangi, alilipaka gari lake upya bila malipo. Akifika, alipewa benchi lenye kivuli na chapati ya kwanza kutoka jikoni. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi, na hawa walihakikisha mkono wao hauwi mtupu.

"Fundi, hii gari inaniaibisha," Gathogo alisema akijifuta shingo kwa leso. "Bila AC inaenda poa kabisa. Nikiweka AC tu, nikisimama kidogo kwa foleni pale Githurai 45, inachemka. Nimefika hapa na madirisha wazi kama mtu anauza nyanya."

"Feni zinazunguka, mkubwa?"

"Mimi nitajuaje? Kazi yangu ni kuketi ndani." Alicheka, Faki naye akacheka kwa adabu. "Sasa sikia. Mchana niko na mkutano Thika, ule wa uwanja wenu. Asiyekuwepo na lake halipo, si ndiyo? Mimi ndiyo nitakuwepo kwa niaba yenu. Lakini siwezi ingia mbele ya wakubwa nikiwa nimelowa jasho hivi. Nani atanisikiza?"

"Utaenda na baridi, mkubwa. Usijali."

Gathogo akaenda kwenye benchi lake. Mwanarusi akampelekea chapati na chai, na ile chai aliitia sukari kama zamani.

Faki alisimama mbele ya boneti iliyoinuliwa. Alikuwa mtoto wa Majengo, Thika, na kabla ya kupata pembe yake hapa alifanya kazi ya umeme wa magari kwenye vibaraza vya watu, leo Mwiki, kesho Githurai, akifukuzwa kama kuku aliyeingia jikoni. Alijua jambo ambalo watu wengi hawalijui: mteja humfahamu fundi kwa mahali. Wakisema "pale kwa Faki," neno zito ni "pale." Ukimwondoa Faki hapo, hata awe bingwa namna gani, ni mtu tu anayetembea na bisibisi mfukoni. Na bintiye Ikhlas alikuwa anasoma shule ya ng'ambo ya barabara, akija kula mchana kwa mamaye. Uwanja ukienda, vyote hivyo vinakwenda. Kwa hiyo feni za gari hili hazikuwa feni tu.

Aliiacha injini ipoe kwanza, akaongeza maji kwenye rejeta, akaiwasha bila AC. Joto lilipopanda, feni moja ilijiwasha yenyewe ikazunguka vizuri, ikashusha joto, ikazima. Akawasha AC. Hapo feni zote mbili zilitakiwa ziwake pamoja, moja ya rejeta na moja ya kipoza hewa. Zilijikongoja kama ng'ombe wawili waliofungwa nira na hawakulishwa, zikasimama. Sindano ya joto ikaanza kupanda.

Alizima haraka. Akakagua fyuzi, zote nzima. Akachomoa rilei ya feni, kile kiswichi kidogo kinachoziwasha, akabadilishana na ile ya honi ambayo inafanana nayo. Honi ikalia, feni zikagoma vilevile.

Basi Faki akafanya alichozoea kufanya mambo yakimshinda. Alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akafumba macho, akawa umeme.

Hiyo ndiyo iliyokuwa namna yake ya kazi, na uwanja mzima ulimtania kwa ajili yake. Alijifikiria ametoka kwenye betri, mwepesi, hana njaa wala kodi ya nyumba, anateleza ndani ya waya mwekundu. Jua la Februari lilikuwa likimpiga kisogoni na lami ya barabarani ilikuwa inameremeta kama mto. Sauti za nyundo zilimfikia kutoka mbali, laini, kana kwamba watu walikuwa wanagonga mito ya pamba. Huko ndani ya waya palikuwa na utulivu. Angeweza kukaa huko siku nzima.

"Umefika wapi?" Kang'ethe aliuliza, amesimama mbele yake, suruali yake imejaa madoa ya rangi za magari yote ya Ruiru.

"Niko kwa fyuzi. Nimepita."

"Haya, usichelewe. Mkubwa ameshamaliza chapati ya pili."

Faki alipita kwenye rilei, akaingia kwenye feni. Njia yote ilikuwa safi. Akafumbua macho, akachukua nyaya mbili ndefu, akazivuta moja kwa moja kutoka kwa betri mpaka kwenye feni ya kwanza. Ikanguruma. Akahamia ya pili. Nayo ikanguruma. Feni zilikuwa nzima. Basi ugonjwa ulikuwa wapi?

Akarudi kwenye ndoo, akafumba macho tena, na safari hii ndipo aliposhtuka. Kila mara alikuwa anasafiri kwenda tu. Alifika kwenye feni akaishia hapo, kama mtu anayepanga safari ya Mombasa asikumbuke nauli ya kurudi. Umeme sharti urudi nyumbani kwenye betri, na njia yake ya kurudi ni waya mweusi unaofungwa kwenye bodi ya gari, ule mafundi wanaouita athi. Zile nyaya zake ndefu zilikuwa zimezipa feni njia mpya ya kwenda na mpya ya kurudi, ndiyo maana zilinguruma.

Akawasha gari, akawasha AC. Akachukua taa yake ndogo ya kupimia, akabana upande mmoja kwenye hasi ya betri, akagusisha ncha kwenye ule waya mweusi wa feni. Njia ya kurudi ingekuwa wazi, isingewaka. Ikawaka.

"Bismillahi," alisema Faki, akatabasamu peke yake.

Aliufuata waya kwa vidole mpaka chini ya kikalio cha betri, kwenye bolti moja iliyojificha. Akaifungua. Chini yake palikuwa na rangi nyeupe, nzito, inayong'aa, imepakwa kwa upendo na kukaushwa vizuri. Rangi haipitishi umeme; ule wa feni moja ulikuwa unajipenyeza kupitia meno ya bolti. Feni mbili zikidai pamoja, njia ikawa nyembamba, zote zikalala njaa.

"Kang'ethe, hebu kuja hapa."

Kang'ethe akainama, akaangalia, akajikuna kidevu.

"Ngai! Hii ni kazi yangu."

"Ulifungua athi ukapaka rangi chini?"

"Sasa ningeacha kutu hapo? Gari ya mkubwa?" Kang'ethe alisema kwa uchungu wa kweli. "Mimi hii gari nilipaka hata mahali Mungu peke yake ndiyo anaona."

"Mungu ameona. Leta msasa."

Walicheka mpaka Kang'ethe akashika ubavu, lakini walicheka kimyakimya, migongo yao ikielekea benchi. Faki aliikwangua ile rangi nzuri mpaka chuma kikatokea, akaongeza waya mnene wa pili, akakaza. Kisha akaingia ndani ya gari, akapandisha vioo vyote, akawasha AC, akasubiri. Feni mbili ziliwaka kwa pamoja, sauti moja, pana.

Ilibidi akae humo gari likiwa limesimama, mpaka feni ziwake na kuzima na kuwaka tena, ndipo aamini. Baridi ilimjia kwanza kwenye vifundo vya mikono, halafu kifuani. Uwanja ukanyamaza. Nje ya kioo nyundo ziliinuka na kushuka bila mlio, moshi wa jiko la Mwanarusi ulipanda polepole, na mkewe aliinama na kuinuka kama mtu aliye chini ya maji. Faki alihisi jasho linamkauka mgongoni. Aliuona uwanja uleule ukiwa na kuta za mawe, na bomba la maji, na mwembe mdogo ambao Ikhlas ameupanda mwenyewe. Kang'ethe alifungua mlango wa pili akaingia "kuhakikisha," na kabla sindano haijasogea alikuwa anakoroma. Faki hakumwamsha. Alikuwa na furaha, na hakuona sababu ya kuificha.

"Ilikuwa nini?" Gathogo aliuliza alipokabidhiwa funguo.

"Waya tu, mkubwa. Sasa hata ukisimama kutwa nzima na AC, haiwezi chemka."

"Kutwa nzima?"

"Kutwa nzima."

"Wewe ni kiboko, fundi," alisema Gathogo. Akaondoka na barabara ya Thika, vioo juu.

Mchana ule ulikuwa mrefu na mtamu. Watu walifanya kazi huku wakiimba. Mmoja alisema akipata karatasi ya uwanja atajenga choo cha maana, mwingine akasema kwanza geti. Mwanarusi aligawa maharagwe kwa mkono mkunjufu. Hata joto lilionekana kupungua.

Faki alikuwa anakunja mswala wake baada ya sala ya alasiri aliposikia ardhi inatetemeka. Tingatinga la manjano lilikuwa linaacha lami na kuingia uwanjani, nyuma yake lori la askari wenye marungu, na nyuma ya lori, gari jeupe. Gari jeupe halikuingia. Lilisimama kando ya barabara, juani, vioo juu, injini ikinguruma.

"Toeni vitu zenu! Haraka!" askari walipiga kelele. Kibanda cha kwanza kilikuwa kimeshalala chali kabla hawajamaliza kusema.

Watu walikimbia na masanduku, na magurudumu, na milango ya magari ya wenyewe. Mtu mmoja alilia wazi kama mtoto. Kang'ethe alitoka na mashine yake ya kupulizia rangi mikononi, vumbi limemfanya mweupe.

"Faki, hata wewe fikiria," alisema. "Tingatinga haikodishwi kwa lisaa limoja. Hii kitu ilipangwa zamani. Alikuwa anakula chapati hapa akijua."

Faki alikuwa anatazama gari jeupe. Lilikuwa limesimama pale wakati vibanda vya upande wa juu vinaanguka, likaendelea kusimama vya katikati vilipofikiwa. Asubuhi lisingeweza. Asubuhi, mwenye gari angeshafungua madirisha, angesikia mabati na vilio, angetoka nje kwenye vumbi pamoja nao, au angeondoka kwa aibu. Sasa aliweza kukaa. Na Faki, Mungu amsamehe, alijikuta ametega sikio. Feni zikawaka. Zote mbili, pamoja, safi. Moyo wake ukaruka kwa furaha ya fundi, na furaha hiyo ikamuuma kuliko kibanda.

Alivuka mpaka kando ya barabara, akagonga kioo. Kilishuka upana wa vidole viwili.

"Fundi! Hii kitu imekubali kabisa," Gathogo alisema. "Nimekaa hapa na sindano haijasonga."

"Mkubwa, na maneno ya uwanja?"

"Ah. Hiyo iliamuliwa huko juu. Si mimi, Faki. Mimi ni mtu mdogo tu kwa hiyo ofisi."

"Ulisema utatutetea."

"Nilijaribu." Alitazama mbele. "Ongea haraka, joto inaingia."

Kioo kikapanda. Faki akabaki amesimama, na hewa ya moto iliyokuwa inasukumwa kutoka chini ya boneti ikimchoma vifundo vya miguu. Nyuma yake tingatinga lilifika kwenye jiko.

Hakumwona Mwanarusi akija. Alisikia tu mlango wa nyuma wa gari unafunguliwa, na mkewe akaingia, na masizi yake, na leso yake, na sufuria ya maharagwe ya moto mapajani. Akakaa wima kama mgeni wa harusi.

"Mama Ikhlas!" Gathogo aligeuka. "Unafanya nini?"

"Si umesema imeamuliwa huko juu? Basi tupeleke huko juu."

"Shuka. Utachafua kiti."

"Kiti kinaoshwa."

Mlango wa upande mwingine ukafunguka. Kang'ethe akaingia na mashine yake ya rangi, akajisogeza, na nyuma yake akaingia yule mtu aliyekuwa analia. Askari wawili walisogea wakasimama mbele ya gari, wakimtazama Gathogo, mkubwa wao, wapate kujua la kufanya. Midomo ya mkubwa ilikuwa wazi lakini haikutoa amri yoyote.

Faki alifunga milango ya nyuma mmoja mmoja, taratibu, akahakikisha imeshika. Akazunguka, akafungua wa mbele, akaketi kando ya Gathogo na kujifungia.

"Fundi, tafadhali," Gathogo alisema. Jasho lilikuwa linamtiririka, na mle ndani palikuwa baridi.

"Endesha tu, mkubwa," alisema Faki. "Hata tukijaa hivi, mpaka Thika haitachemka."