Saa ya Chiriku

Fundi rangi wa gereji alikuwa amechoka kuomba radhi. Katika darasa la pili la binti yake, kila Ijumaa watoto huwaonyesha wazazi walichojifunza wiki nzima, na kila Ijumaa yeye huwa amejifunga kitambaa usoni, ananyunyizia rangi gari la mtu. Mama wa mtoto alikuwa kazini mji wa mbali, kwa hiyo kiti chao kilibaki kitupu. Binti mwenyewe, waliyemwita Chiriku maana mdomo wake haukujua kupumzika, hakulalamika. Alisema tu labda Ijumaa ijayo, na hilo lilimuuma baba yake kuliko kama angelia.

Wiki hiyo walijifunza kusoma saa. Chiriku akatengeneza saa ya boksi, mishale imeshikwa kwa pini, akageuza nyumba darasa. Mshale mfupi ukiwa kwenye nane, tunasema saa mbili. Ukiwa kwenye mbili, tunasema saa nane. Na simu, alisema, huandika namba za mishale, si za midomo yetu. Baba akajifanya mjinga makusudi ili afundishwe tena. Kuna raha yake, jamani, kufundishwa na mtoto uliyemfundisha kutembea.

Alhamisi ujumbe wa mwalimu ukaingia kwenye simu: wazazi wafike kesho saa 2:00 kamili, kila mtoto atapanga mishale, na mzazi wake ataisoma mbele ya wote. Fundi akasema basi ni asubuhi, saa mbili. Chiriku akacheka mpaka akakaa chini.

"Baba nawe! Simu ikiandika mbili ni saa nane. Si nimekufundisha juzi tu?"

Fundi akaona haya, akaona na fahari. Mwalimu ndiye aliyefundisha, mwalimu ndiye aliyeandika. Yeye wa kubisha ni nani? Bosi alinung'unika weee, mwishowe akamruhusu kuanzia saa saba, na gereji nzima ikapata habari za mtoto mwenye kichwa. Wenzake wakamtania kwamba kwake yai ndilo linalomfundisha kuku.

Siku yenyewe alisugua kucha kwa mafuta ya taa, akaoga, akavaa shati lililopigwa pasi. Alifika langoni kabla ya saa nane, anatembea kifua mbele. Uwanjani hapakuwa na mtu. Darasani mfagizi alikuwa anapandanisha viti.

Mwalimu akatoka, uso umemshuka. Alieleza kwamba ilikuwa saa mbili ya asubuhi, kwamba alisahau kuandika hilo neno asubuhi, kwamba alipiga simu na haikupokelewa. Simu ilikuwa kabatini, kama siku zote, kwa kuogopa rangi. Zamu ya Chiriku ilipofika, mwalimu alitaka kumsomea yeye mwenyewe badala ya mzazi, lakini mtoto alikataa. Alisema baba anakuja, akarudi kukaa.

Fundi akatafuta wa kumgombeza. Mwalimu mwenyewe alikuwa karibu kulia. Mtoto alisema alichofundishwa, tena alikipata barabara. Hasira ikakosa pa kwenda. Maji yakimwagika hayazoleki, wahenga walisema, ila hawakusema umwambie nini mtoto anayeyatazama.

Chiriku alikuwa dawati la nyuma, begi mgongoni, saa ya boksi mapajani. Alikuwa kimya, yeye Chiriku. Baba yake akachuchumaa mbele yake.

"Ni mimi niliyekwambia saa nane," mtoto akasema.

"Ulisoma sawasawa, mama."

"Sasa mbona hukuwepo?"

Alimtazama mwalimu, na mwalimu akatazama sakafu. Saa ya ukutani ilikuwa imefika saa nane kamili, na mishale ya ile ya boksi ilionyesha hivyo hivyo. Chiriku akaushika mshale mfupi kwa kidole, akaurudisha nyuma taratibu mpaka kwenye namba nane, akamwinulia baba yake.

"Soma."

"Saa mbili," fundi akasema.

"Basi umewahi," mtoto akasema. Akamshika mkono, akampeleka mbele ya darasa, wakasimama kuvielekea viti vilivyopandanishwa.