Mtu Mmoja Katika Kitabu cha Heri

Siku kitabu cha Heri kilipozinduliwa Lushoto mjini, Esteria alivaa kitenge kipya akaketi mstari wa mbele, kwa kuwa Heri mwenyewe alimwambia, "Shangazi, bila wewe hiki kitabu kisingekuwepo."

Na kweli kisingekuwepo. Miaka sita nyuma, maporomoko yalipofukia mfereji wa maji wa kijiji chao, huko juu kuelekea Rangwi, Esteria ndiye aliyepita mlango kwa mlango, kwa Walutheri na kwa Waislamu, akiomba kila kaya itoe mtu na jembe. Walichimba mfereji mpya kwa wiki tisa, wakilizunguka bega la mlima. Jiwe lilimpasua kidevu, akabaki na kovu. Jirani yake Zakia alivunjika mkono. Maji yalipofika, hakuna aliyeuliza ni ya nani.

Heri alikuwa mtoto wa marehemu kaka yake. Esteria ndiye aliyemlea mpaka akawa mwalimu wa fasihi. Likizo tatu mfululizo alikaa jikoni kwa shangazi yake akimrekodi kwa simu. Esteria alimmenyea magimbi, akamsimulia yote, akamtajia wachimbaji wote kwa majina, asimsahau hata mmoja.

Sasa Heri alisimama ukumbini, akasoma. Katika kitabu, mfereji ulichimbwa na mtu mmoja. Jina lake Shemweta, kijana aliyepanda mlimani peke yake huku kijiji kizima kikimcheka. Wanawake walimzomea. Na mmoja wao, mama mwenye kovu kidevuni, alimfuata nyuma nyuma akifukia alichochimba, kwa wivu tu.

Ukumbi ukacheka. Wachache waliomfahamu Esteria waligeuka kumtazama, kisha wakatazama pembeni haraka. Esteria aliinua ncha ya mtandio wake akafunika kidevu.

Watu walipotoka, alimvuta Heri kando.

"Heri, yule mama ni nani?"

"Shangazi, ile ni riwaya. Si wewe."

"Na kovu je?"

Heri alicheka kidogo, cheko la mtu aliyebanwa. "Msomaji anataka shujaa mmoja wa kumfuata. Watu sitini na majembe yao hawafuatiki. Na shujaa lazima awe na wa kumpinga."

"Basi ungeniacha nje kabisa, kama ulivyomwacha Zakia na wenzake. Mbona umenichukua mimi tu, ukaniweka upande ule?"

"Kwa sababu wewe ndiye ninayekujua vizuri," Heri akasema, na ilionekana alidhani hilo ni jibu la upendo.

Esteria alirudi nyumbani akitegemea kijiji kitakasirika pamoja naye. Hakikukasirika. Wageni walianza kupanda na kamera wakiuliza Shemweta alianzia wapi kuchimba, na wenyeji, kwa furaha, wakawaonyesha. Ulipofika mkutano wa kuchagua kamati ya maji, Zakia alisimama akapendekeza Heri awe mwenyekiti.

"Dada, usinielewe vibaya," alisema, bila kumtazama Esteria. "Heri anajulikana. Akisema yeye, wilayani watasikia."

Mikono ikanyooka. Esteria alitafuta mkono ambao haukunyooka, hakuuona.

Mwezi wa nne mvua ilikata ukingo wa mfereji. Heri alikuwa Dar es Salaam akihojiwa redioni. Asubuhi Zakia alikuja mbio.

"Dada Esteria, ukingo umekwenda. Watu wamekusanyika, wanakungoja uwagawie kazi."

"Mwenyekiti wenu ni Heri."

"Heri hayupo, unajua."

"Basi mwiteni Shemweta."

Zakia aligeuka, akaondoka. Esteria alikaa mlangoni akijua watarudi kumbembeleza, na moyoni alikwisha kubali kwenda wakirudi mara ya pili.

Hawakurudi. Ilipofika saa nne alisikia majembe huko juu, na sauti zikiitana: vijana kwenye mawe, wanawake kwenye udongo, wazee wakate majani ya kuzibia. Ni mpango wake uleule, neno kwa neno, na hakuna aliyehitaji kuukumbushwa. Miaka sita alikuwa akiwaambia kazi ile ni ya wote, haina mwenyewe. Walikuwa wamemwamini. Hilo lilimchoma kuliko siku ya ukumbini, maana kwa Heri alikuwa na mtu wa kumlaumu. Ndipo akakiri nafsini mwake jambo aliloona aibu kulisema: alitaka, japo mara moja, mtu alitaje jina lake.

Alasiri Zakia alipita, matope mpaka magotini.

"Maji yamefika," alisema.

"Nimeyasikia."

Zakia alisimama akisubiri kukaribishwa. Esteria alilitafuta neno "karibu", likagoma kutoka. Akachota maji kwa kopo, akaliweka chini karibu na mlango ili Zakia anawe miguu, kisha akaingia ndani.